Taa ya foo-wili inawaka, magurudumu ya mbele yamelala

"Kamwene fundi. Mimi ni mkulima wa viazi, Matamba, wilaya ya Makete. Nina pikapu ya Kijapani ya miaka ya tisini, dizeli, foo-wili (magurudumu yote manne yanaweza kuvuta), niliyoinunua Mbeya mwaka jana ikiwa imetumika. Nashushia viazi Chimala. Haina ile kazi ya kushuka na kuzungusha habu, kile kitovu cha gurudumu la mbele, kwa mkono. Aliyeniuzia alisema zinajiloki zenyewe. Tangu masika, nikivuta kijiti kwenda 4H, ili mbele nako kuvute, taa ya dashibodi inawaka vizuri, lakini nikiingia kwenye tope la shambani tairi za nyuma zinachimba na za mbele zimetulia tu. Mara nyingine mbele kushoto kunalia ka-ka-ka-ka nikikanyaga mafuta. Baridi ya Juni ilipoingia imezidi: asubuhi inagoma kabisa, mchana siku nyingine inakubali. Fundi wa kwanza ameniambia transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa, na anayo ya mtumba ya kuniuzia. Wa pili anasema dawa ni kuzichomelea habu zote mbili zishike moja kwa moja. Na kuna dereva aliniambia nikitoka 4H lazima nirudi nyuma kidogo, ila hakujua kusema kwa nini. Nifuate lipi?"

Kamwene, ndugu yangu. Usinunue transfa, na usimruhusu mtu kukaribia habu zako na mashine ya kuchomelea. Bado hujapima chochote, na wote wawili waliokushauri hawajapima pia. Yule dereva ndiye aliyekuambia jambo la kweli, na nitakueleza sababu yake.

Swali lako limebeba jibu ndani yake, pale uliposema asubuhi inagoma na mchana inakubali. Mnyororo wa transfa uliokatika au gia zilizolika haziponi jua likichomoza. Kitu kinachobadilika kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana huko kwenu ni joto, na kitu kinachosikia joto kwenye mfumo huu ni grisi. Grisi inayohusika iko ndani ya habu za mbele. Siwezi kuapa nikiwa mbali na gari, lakini kama ningetakiwa kufungua sehemu moja tu kwanza, ningefungua habu ya kushoto.

Taa ya dashibodi isikudanganye. Swichi yake kwa kawaida imefungwa kwenye transfa, na kazi yake ni kusema kwamba kijiti kimeingia mahali pake. Haijui lolote kuhusu kinachoendelea kwenye gurudumu. Madereva wengi huku nyanda za juu wanaiamini taa hiyo kupita kiasi. Wakiona imewaka wanaingia kwenye tope kwa kujiamini, kumbe taa imewaambia nusu ya habari.

Tufuate nguvu inavyosafiri. Injini inaizungusha gia boksi, gia boksi inaizungusha transfa. Ukiwa 2H, transfa inapeleka nguvu nyuma peke yake. Ukiweka 4H inaifunga na propela ya mbele, ule mhimili mrefu wa chini ya gari, propela inaizungusha difu ya mbele, na difu inagawa kwa shafti mbili, ya kushoto na ya kulia. Shafti hizo haziishii kwenye gurudumu lenyewe, zinaishia kwenye habu. Habu ndiyo mlango wa mwisho: ikiwa imeshika, shafti na gurudumu vinazunguka pamoja, ikiwa imeachia, gurudumu linazunguka kivyake na shafti imetulia. Zilibuniwa ili gari likiwa lami, shafti, difu na propela ya mbele vipumzike, visile mafuta wala kujichosha bure. Habu za mkono zenye maandishi ya LOCK (shika) na FREE (achia) zilipata umaarufu baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati magari ya Jeep yalipoingia mikononi mwa raia. Kampuni ya Warn ya Marekani ilianza kuzitengeneza mwaka 1948. Za kujiloki zenyewe zilikuja baadaye, kwa sababu hakuna anayependa kushuka kwenye tope la magotini kwenda kuzungusha kitufe.

Sasa habu ya kujiloki inajuaje kwamba wewe umeweka 4H? Haina waya, haina umeme. Inajua kwa sababu shafti imeanza kuzunguka. Ndani yake kuna gia ndogo inayoweza kuteleza kwenda nje na kurudi ndani, kuna springi inayoirudisha, kuna pete yenye miinuko ya mteremko, na kuna kibreki kidogo kinachosugua sehemu isiyozunguka. Shafti ikianza kuzunguka, kibreki kinaing'ang'ania ile pete ibaki nyuma kidogo. Kwa kuwa pete imebaki na gia inaendelea, gia inapanda kwenye miinuko ya pete, inasukumwa nje, na meno yake yanaingia kwenye meno ya ganda la habu. Hapo gurudumu limeshikwa. Kazi yote hiyo inategemea msuguano mdogo sana wa kile kibreki, na gia iwe huru kuteleza. Ukiharibu kimoja kati ya hivyo viwili, habu haishiki, au inashika meno nusu na kuruka.

Na hapo ndipo ushauri wa yule dereva unapata maana. Ukirudisha kijiti 2H, shafti inaacha kupewa nguvu na transfa, lakini habu bado imeshika, kwa hiyo gurudumu linaendelea kuizungusha shafti kwa upande uleule na gia inabaki juu ya mwinuko wake. Ukirudi nyuma polepole, usukani ukiwa umenyooka, mita mbili au tatu, mzunguko unageuka, gia inashuka kutoka kwenye mwinuko na springi inairudisha nyumbani. Utasikia "kli" hafifu, au usisikie kabisa. Asiyefanya hivyo anaweza kutembea hadi Uyole, Mbeya, huku upande mmoja umeshika na mwingine umeachia, akisikia mvumo mbele asiouelewa. Kitabu cha gari lako kitakuwa kimetaja umbali wa kurudi nyuma. Kama huna kitabu, mita tatu zinatosha kwa magari mengi ya aina hiyo.

Turudi kwenye baridi. Ninyi mko jirani na uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako Juni na Julai umande unaganda juu ya majani. Habu inatakiwa kupakwa utando mwembamba tu wa grisi laini. Kinachotokea gereji nyingi ni kwamba fundi akimaliza kufunga beringi za mbele, anabaki na grisi mkononi, anaona ndani ya habu pako wazi, anaona huruma, anajaza. Ile ni grisi ya beringi, nzito, iliyotengenezwa kustahimili joto la safari ndefu. Asubuhi ya baridi inakuwa ugali uliolala: gia haitelezi, springi haina nguvu ya kuisukuma, na kibreki kinaogelea badala ya kusugua. Jua likipanda, au breki zikipasha moto gurudumu baada ya safari, grisi inalainika na habu inakumbuka kazi yake. Ndiyo maana mchana "inakubali". Kama gari lilibadilishwa beringi kabla hujauziwa, na magari ya mnadani mara nyingi hupakwa grisi mpya ili yapendeze, nadhani tumeshampata mshukiwa.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linalowafanya mafundi wakimbilie transfa. Umesema mlio unatoka kushoto tu. Basi kwa nini gurudumu la kulia nalo halivuti? Kwa sababu difu ya mbele ya pikapu nyingi ni ya kawaida, isiyo na loki, na difu ya kawaida inapeleka mzunguko kule kusiko na upinzani. Habu ya kushoto isiposhika, shafti ya kushoto inazunguka hewani bila kubeba chochote, na difu inamwaga mzunguko wote huko. Shafti ya kulia, hata kama habu yake ni nzima kabisa, haipati nguvu. Kwa hiyo habu moja mbovu inalaza magurudumu yote mawili ya mbele. Mtu akiona mbele kote kumekufa anahitimisha kwamba nguvu haifiki, anaenda kutafuta transfa. Nimeona transfa nzima zikishushwa kwa sababu hii, zikabadilishwa, na gari likaendelea kuchimba shimo palepale.

Ule mlio wa ka-ka-ka ni meno ya gia yanayogusa meno ya ganda bila kuingia sawasawa, kisha yanaruka. Ukiusikia, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila ukikanyaga unakata pembe za meno, na meno yakishakuwa mviringo hakuna usafi utakaoyarudisha. Usiuchanganye na mlio wa jointi ya shafti iliyochoka: ule huja zaidi ukikata kona huku mbele kunavuta, na mara nyingi utakuta mpira wa jointi umepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Mlio wa habu huja hata usukani ukiwa umenyooka, pale tu unapodai nguvu.

Kabla ya spana yoyote, nikuulize unavyoitumia. Umeandika kwamba unaingia kwenye tope ndipo unaona mbele hakuvuti. Je, unaweka 4H kabla ya tope au ukishakwama? Habu za kujiloki zinahitaji gari litembee kidogo ndipo zishike. Simama pakavu, weka 4H, tembea polepole mbele mita kadhaa, kisha ingia. Ukisubiri tairi za nyuma zianze kuchimba ndipo uvute kijiti, shafti za mbele zinaanza kuzunguka kwa kasi ghafla wakati magurudumu yamesimama, na meno yanakutana kwa kugongana. Habu nyingi zimeuawa kwa namna hiyo na si kwa uzee. Vilevile ule mtindo wa kupiga mbele, nyuma, mbele, nyuma ili gari lijinasue, ambao unasaidia sana kwenye habu za mkono, hauzifai hizi: kila ukigeuza mwelekeo zinaachia kwanza, ndipo zinashika tena upande wa pili.

Hilo linanifanya niseme neno kuhusu kushuka Chimala. Ile barabara yenye kona 57, pikapu ikiwa na viazi, unashuka kwa gia nzito, ya kwanza au ya pili, na injini ndiyo inayokuzuia. Mtu unapoachia mafuta na injini ikaanza kuzuia, nguvu inageuka upande: sasa gurudumu ndilo linaloizungusha shafti. Kwenye mageuzi hayo habu ya kujiloki inaweza kuachia kwa muda na kushika tena, na kama imechoka inaweza isishike. Kwa hiyo usiingie kwenye mteremko wa tope ukiwa umeweka moyoni kwamba magurudumu ya mbele yatakusaidia kuzuia. Chagua gia nzito ukiwa juu, pakavu, kabla ya kona ya kwanza. Kama ni sehemu ya tope na mawe, tumia 4L, yaani foo-wili ya mwendo wa taratibu wenye nguvu. Na mpaka tatizo hili limalizike, punguza magunia. Hapo kwenye kupunguza mzigo najua unanikunjia uso, lakini nasisitiza.

Haya, tupime. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba gari lako kweli lina habu za kujiloki. Tazama katikati ya gurudumu la mbele. Ukikuta kofia nene ya chuma iliyotokeza nje, imefungwa kwa boliti, mara nyingi sita, na haina kitufe cha kuzungusha, ndizo zenyewe. Ukikuta kifuniko kidogo bapa tu, na huku chini kwenye difu ya mbele kuna kikopo chenye mipira miembamba ya upepo, basi muuzaji alikosea: gari lako linaunganisha shafti ndani ya difu kwa mvuto wa hewa, na cha kutafuta ni mpira uliotoboka au kuchomoka. Katika hali hiyo yote yanayofuata kuhusu habu hayakuhusu.

Kwa kipimo chenyewe unahitaji jeki, stendi mbili imara, kabari za mbao au mawe makubwa, na mtu mmoja wa kukusaidia. Chagua ardhi ngumu iliyo tambarare. Weka 4H, sogea kidogo mpaka taa iwake, kisha zima injini, weka gia ya kwanza, vuta handibreki, na tia kabari tairi za nyuma, mbele na nyuma yake. Ndipo uinue mbele yote na kuiweka juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuchungulia tu. Na mtu asikushauri kuwasha injini na kuingiza gia gari likiwa limeinuliwa mbele ili "tuone zinavyozunguka". Tairi za nyuma ziko chini; gari litaruka kutoka kwenye stendi na kumkuta mtu.

Ukiwa bado 4H, shika propela ya mbele na ujaribu kuizungusha kwa mikono. Inatakiwa ikatae, icheze kidogo tu. Ikikataa, transfa imeifunga propela na ule mtumba wa fundi wa kwanza hauuhitaji. Ikizunguka kirahisi mizunguko kamili huku taa ilikuwa imewaka, hapo nitamwomba radhi, maana tatizo liko kwenye transfa au kwenye vyuma vinavyounganisha kijiti na transfa, na hivyo vya kuunganisha vikaguliwe kwanza kwa sababu ni rahisi.

Kisha rudisha 2H. Nenda nyuma ya gurudumu la kushoto, ushike shafti kati ya ile mipira yake miwili, na msaidizi alishike gurudumu lisizunguke. Zungusha shafti polepole. Habu nzima itakuruhusu kidogo, utasikia au kuhisi "kli", kisha shafti itakataa kwa sababu imeshikana na gurudumu. Geuza upande wa pili: itaachia, itazunguka kidogo, na kushika tena. Usishtuke ukiona propela au shafti ya upande mwingine nayo inatembea, hiyo ni difu inafanya kazi yake. Kama shafti inazunguka na kuzunguka bila kushika kamwe, habu hiyo imelala. Kama imeshika tangu mwanzo na haiachii upande wowote, imeganda. Fanya hivyo pande zote mbili na linganisha unavyohisi mkononi. Rudia kipimo asubuhi na mapema kabla gari halijatembea, kisha saa nane mchana. Ukiona asubuhi haishiki na mchana inashika, sina shaka tena kuhusu grisi.

Kuifungua habu si uchawi, ila inadai utulivu na usafi. Osha nje kwanza, maana udongo mwekundu ukiingia ndani ni msasa. Fungua boliti, vuta kofia taratibu, na piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kutoa kitu kinachofuata. Panga vipande kwenye kitambaa safi kwa mpangilio uliovitoa. Pete zilizogeuzwa ndani-nje ni chanzo kikubwa cha habu "zilizotengenezwa" na bado hazishiki. Ile saklipu, kipete cha kubana kwenye ncha ya shafti, itoe kwa koleo lake, si kwa bisibisi na nyundo. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka uone rangi ya chuma, kausha kabisa, kisha kagua. Meno yawe na pembe, yasiwe mviringo. Springi isiwe imekatika au kulegea. Kibreki kisiwe kimelika mpaka kikawa kinateleza. Ukikuta grisi nyeupe nyeupe ya rangi ya maziwa, maji yameingia, pengine ulipovuka kijito, na gasketi au mpira wa kofia umekwisha. Badilisha, usirudishe ile ile kwa gundi. Wakati wa kufunga, paka utando mwembamba wa grisi laini. Kwenye kopo kuna namba: 2 ndiyo ya kawaida ya beringi, 3 ni ngumu zaidi, kwa baridi ya Makete napendelea namba 1 kwenye habu. Ila wingi ndio unaoua kuliko namba. Ukiona inamwagika pembeni ukifunga kofia, umezidisha.

Ukiwa hapo, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imelegea, na ndugu yangu, hapo ndipo habu nyingi zinapoharibikia. Habu inategemea ganda lake lizunguke katikati sawasawa na shafti. Beringi ikilegea ganda linayumba, meno yanakutana kwa pembe moja, na kile kibreki hakisugui sawa. Ukisafisha habu na kuiacha beringi imelegea, utarudi palepale kabla ya msimu mwingine. Kukaza nati ya beringi kuna kipimo chake. Ikikazwa kupita kiasi inaungua, ikilegea inayumba. Kazi hiyo mpe fundi mwenye spana ya kipimo.

Tuseme umefungua na kukuta meno yamekwisha. Una njia tatu. Ya kwanza ni habu ya mtumba ya aina ileile. Zinapatikana, Mwanjelwa jijini Mbeya hazikosekani, lakini unanunua kitu kilichochoka ambacho hujui kimepitia nini. Nenda na ile ya zamani mkononi, hesabu meno ya kuingilia shafti na matundu ya boliti, na uifungue mbele ya muuzaji uone ndani. Ya pili ni kuweka habu za mkono pande zote mbili, ambazo zinatengenezwa kwa ajili ya pikapu nyingi za Kijapani. Kwa mkulima wa Matamba hii ndiyo ningeichagua, na nasema hivyo nikijua kero yake. Zina vipande vichache, hazitegemei kibreki wala baridi, haziachii ukishuka mlima, na ukipiga mbele-nyuma zinabaki zimeshika. Kero ni kushuka kuzizungusha. Lakini si lazima ushuke kwenye tope: msimu wa mvua ziweke LOCK asubuhi ukiwa nyumbani na uziache hivyo. Ukiwa 2H huku habu zimeshika hakuna kinachovunjika. Difu na shafti za mbele zinazunguka tu bila kubeba mzigo, unachopoteza ni mafuta kidogo. Ukifika kwenye tope unavuta kijiti bila kutoka kwenye kiti. Hakikisha tu pande zote mbili zimewekwa sawa, kwa sababu ile hadithi ya difu na upande mmoja inabaki palepale. Na ukiwa lami usiweke 4H hata kama habu ni mpya: mbele na nyuma hazizunguki sawa kwenye kona, na lami haina utelezi wa kusamehe, kwa hiyo mkazo wote unaishia kwenye meno.

Njia ya tatu, kuchomelea. Nimtendee haki fundi wako wa pili: wazo lake la kushikisha moja kwa moja si wazimu, na kuna magari yanayotoka kiwandani shafti zikiwa zimeungana na magurudumu bila habu ya kuachia. Lakini hayo yanatumia kipande kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kinachofungwa kwa boliti na kufunguka. Ukichomelea habu, moto unaondoa ugumu wa chuma cha meno, unapika sili na grisi ya beringi iliyo jirani, na siku beringi ikidai kubadilishwa unaanza kukata kwa msumeno. Kwa akiba ya leo unanunua gharama ya kesho.

Kuna mambo ambayo usiyajaribu nyumbani. Gurudumu likicheza sana, au likiwa la moto kuliko mwenzake baada ya safari ambayo hukutumia breki nyingi, usishuke Chimala na mzigo. Tafuta fundi wa kukufuata huko huko. Ukisikia mngurumo unaoongezeka na mwendo hata ukiwa 2H, ukiona mafuta yakivuja kwenye difu ya mbele, au kijiti kikiruka chenyewe kutoka 4H, hayo si ya habu tena na yanahitaji mtu wa kulala chini ya gari na kulisikiliza. Ukienda gereji, usiseme "foo-wili haifanyi kazi", maana sentensi hiyo ndiyo iliyokuletea transfa ya mtumba. Sema: propela inashikwa ikiwa 4H, shafti ya kushoto haishiki gurudumu asubuhi, mchana inashika. Na omba uwepo wakati kofia inafunguliwa, uione grisi kwa macho yako.

Kitu kimoja hukukitaja, nacho nakihitaji kabla ya kukushauri ununue chochote: upande wa kulia. Fanya kile kipimo cha shafti asubuhi ya baridi, kulia na kushoto, kisha niandikie kila mmoja umefanya nini, pamoja na picha ya kofia ya habu na idadi ya boliti zake. Kama kulia kunashika vizuri hata kwenye baridi, huenda kazi yote ni mafuta ya taa, gasketi moja na utando wa grisi.